“Shetani Alinipitia”: Augustine wa Afrika na Swali la Uovu Wetu



Leo ni Alhamisi, siku yetu ya historia ya kanisa. Somo ni refu kuliko kawaida. Kama uko kwa matatu, lihifadhi ulisome jioni ukiwa umetulia, Biblia yako ikiwa karibu.

Naanza na kosa langu mimi mwenyewe.

Muda fulani uliopita ndugu mmoja alikuja mbele wakati wa maombi. (Amenikubalia nisimulie, bila jina lake wala mahali anapokaa.) Alikuwa mweka hazina wa chama mtaani kwao, na alikuwa amekula pesa za wanachama. Akalia, akasema, “Mchungaji, ni shetani alinipitia.” Nikamwekea mikono, tukakemea roho ya wizi, akaanguka chini, kanisa likapiga vigelegele. Baada ya miezi miwili akarudi na kilio kile kile. Alikuwa amechukua tena. Tukakemea tena. Akarudi mara ya tatu.

Usiku huo tulipofika nyumbani mke wangu aliniuliza swali moja tu: “Sasa mchungaji, hizo pesa za watu alirudisha?”

Sikuwa na jibu. Hata sikujua ni pesa ngapi. Mara tatu nilikuwa nimesema na pepo, na yule ndugu mwenyewe sikuwa nimesema naye hata mara moja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikirudia maisha ya mtu mmoja aliyehangaishwa na swali hili zaidi ya miaka 1,600 iliyopita: uovu ninaoufanya unatoka wapi? Kwa Mungu aliyeniumba? Kwa shetani? Kwa damu ya wazazi wangu? Au kwangu? Mtu huyo ni Mwafrika mwenzetu, Augustine wa Hippo.

1. KIJANA NA MATUNDA YA JIRANI

Augustine alizaliwa mwaka 354 katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo unaitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Mama yake, Monica, alikuwa mwanamke wa maombi. Baba yake, Patricius, hakumpokea Kristo hadi karibu na mwisho wa maisha yake. Familia haikuwa na pesa nyingi. Augustine alipofika miaka 16 ilibidi akae nyumbani mwaka mzima kwa sababu karo ya kumpeleka mbele ilikuwa haijapatikana. Wazazi mnajua kijana wa miaka 16 akikaa nyumbani bila kazi wala shule mambo huwa namna gani.

Karibu na shamba lao la mizabibu palikuwa na mti wa mapeasi, matunda kama yale tunayouziwa kando ya barabara kule Limuru. Usiku mmoja yeye na kikundi cha vijana wenzake walienda wakautikisa ule mti, wakabeba mzigo wa matunda. Hawakuwa na njaa. Kwao kulikuwa na matunda mazuri kuliko hayo. Walionja machache, mengine wakawatupia nguruwe.

Miaka karibu 30 baadaye, akiwa tayari askofu, aliandika kitabu chake cha Maungamo, na humo akatumia kurasa nyingi kuuchunguza wizi ule mdogo. Watu wamewahi kumcheka kwa sababu hiyo. Mtu aliyekuwa na makosa makubwa zaidi ya hayo anahangaika na matunda ya nguruwe! Lakini ona alichokuwa anatafuta. Mwizi wa kawaida ana sababu: njaa, deni, kisasi, tamaa ya mali. Yeye alijitafutia sababu akaikosa. Aligundua kwamba alichokipenda ni kule kuiba kwenyewe, ile raha ya kufanya lililokatazwa. Akaongeza jambo la pili: peke yake asingeiba. Kicheko cha wenzake ndicho kilichompa nguvu.

Vijana, hapo pa wenzake someni mara mbili.

2. DINI ILIYOMPA KISINGIZIO

Baadaye karo ilipatikana, akaenda Carthage, jiji kubwa la Afrika ya Kaskazini wakati huo. Akiwa na umri wa miaka 19 hivi alijiunga na wafuasi wa Mani. Mani alikuwa mwalimu kutoka Mesopotamia aliyezaliwa mwaka 216 na kufia gerezani chini ya mfalme wa Uajemi. Alifundisha kwamba tangu mwanzo kuna falme mbili, Nuru na Giza, na zote mbili hazina mwanzo. Giza liliishambulia Nuru, vikachanganyika, na mchanganyiko huo ndio dunia hii. Ndani ya kila mtu kuna chembe ya nuru iliyofungwa ndani ya mwili wa giza.

Kwa nini kijana mwenye akili kali hivyo alikaa humo karibu miaka tisa? Kwanza, lilikuwa jibu rahisi kwa swali gumu. Mungu mwema hakuumba uovu. Uovu una chanzo chake chenyewe. Pili, na hili alilikiri baadaye kwa aibu, fundisho lile lilimfurahisha kwa sababu lilimwondolea lawama. Akitenda dhambi, si yeye aliyetenda. Ni ile asili nyingine ndani yake. Yeye mwenyewe alibaki safi, tena mwenye kuonewa huruma.

Mpendwa, hebu tulia hapo kidogo. Tofauti ya hiyo na “shetani alinipitia” ni nini?

Sisi hatuamini mafundisho ya Mani. Tunajua Mungu ni mmoja na shetani ni kiumbe tu. Lakini mtu anaweza kukiri imani sahihi Jumapili na bado akaishi kwa fundisho la Mani Jumatatu. Ni ile roho ya hasira. Ni laana ya ukoo wa baba yangu. Ni mtu alinirogea ndoa. Kila kitu kimetenda, isipokuwa mimi.

3. BUSTANI YA MILAN

Augustine alianza kuwachoka walimu wale. Aliambiwa amsubiri askofu wao mashuhuri, Faustus, ambaye angejibu maswali yake yote. Faustus alipokuja akakuta ni mtu wa maneno matamu asiye na majibu. Mwaka 383 akahamia Roma, na mwaka 384 akapata kazi ya kufundisha usemaji huko Milan. Hapo akaanza kusikiliza mahubiri ya Askofu Ambrose, kwanza kwa ajili ya ufundi wa kusema tu, kisha maneno yenyewe yakaanza kumshika.

Huko Milan mawazo yake juu ya uovu yaligeuka. Alikuwa akiuwaza uovu kama kitu, kama matope yaliyotupwa ndani ya dunia safi. Sasa akaona kwamba kila kitu alichokiumba Mungu ni chema kwa kadiri yake, kama Mwanzo 1 inavyosema. Uovu si kitu cha pili kando ya wema. Ni upungufu na uharibifu wa wema, kama upofu ulivyo uharibifu wa jicho. Huwezi kuwa na upofu mahali pasipo na jicho.

Lakini kuelewa si kuokoka. Mwaka 386 alikuwa kwenye bustani ya nyumba aliyokaa, akipigana na nafsi yake. Alijua ukweli. Alitaka kuacha maisha ya zamani, na hakutaka. Mwalimu wa Mani angemwambia: “Unaona? Asili mbili zinapigana ndani yako.” Yeye alikataa. Alisema aliyetaka ni yeye, na asiyetaka pia ni yeye. Nia yake ilikuwa moja, imegawanyika, imefungwa na mazoea aliyoyajenga kwa mikono yake miaka mingi. Hapo ndipo aliposikia sauti ya mtoto ikimhimiza achukue na kusoma. Akafungua waraka wa Paulo, macho yakaangukia Warumi 13:13-14. Usiku wa Pasaka mwaka 387 Ambrose alimbatiza, pamoja na mwanawe Adeodatus na rafiki yake Alypius. Machozi ya Monica hayakupotea. Akina mama mnaoombea watoto, msichoke.

4. SIKU MBILI ZA MJADALA, HIPPO

Muda mfupi baada ya ubatizo, akiwa Roma, Augustine alianza kuandika kitabu juu ya uhuru wa hiari. Alikimalizia Afrika miaka kadhaa baadaye. Kimeandikwa kama mazungumzo na rafiki yake Evodius, na kinaanza na swali ambalo wengi wetu tunaogopa kumuuliza mchungaji: je, si Mungu ndiye mwanzilishi wa uovu?

Nitalifupisha jibu lake. Mungu alimpa mwanadamu hiari, na hiari ni kitu chema. Bila hiyo hakuna mtu awezaye kuishi kwa haki, kwa maana tendo lisilotoka moyoni si haki wala si dhambi. Jiwe likianguka halina hatia. Mkono ni mwema hata kama mwingine anautumia kupiga, na jicho ni jema hata kama mwingine analitumia kutamani. Vivyo hivyo hiari. Dhambi ni pale hiari inapogeuka kutoka kwa Mungu, aliye mwema kuliko vyote, ikashikilia vitu vidogo kana kwamba ndivyo mungu wake.

Basi utauliza, ni nini kilichoisukuma hiari igeuke? Ukisema shetani, umesogeza swali tu, hujalijibu. Shetani naye aliumbwa malaika mwema. Nani alimpitia yeye? Augustine alikubali kwamba chini kabisa hakuna sababu nyingine ya kuitaja. Katika kitabu chake cha Mji wa Mungu anasema kuitafuta sababu hiyo ni kama kutaka kuona giza au kusikia ukimya. Mimi naongeza hivi: dhambi ambayo ina sababu kamili nje yangu si dhambi yangu tena, ni ajali. Ninaweza kuihurumia, lakini siwezi kuitubia.

Hayo yalijaribiwa mbele ya watu. Augustine alifanywa kasisi huko Hippo mwaka 391. Mji ulikuwa na mwalimu wa dini ya Mani aliyeitwa Fortunatus, mwenye wafuasi wengi. Wakristo wa mji walimwomba Augustine akabiliane naye. Tarehe 28 na 29 Agosti mwaka 392 wawili hao walikutana katika nyumba ya kuogea ya mji. Umati ulijaa, na waandishi waliandika maneno yao.

Fortunatus hakuja mikono mitupu. Alikuja na Biblia. Alinukuu Warumi 7, pale Paulo anapolia kwamba anafanya asilolitaka. Alinukuu Wagalatia 5:17, mwili ukishindana na Roho. Na alinukuu Waefeso 6:12, kwamba kushindana kwetu si juu ya damu na nyama. Ndiyo, ule mstari wetu wa kesha! Ulitumiwa siku ile kuthibitisha kwamba anayetenda dhambi ni nguvu nyingine, wala si mtu.

Augustine hakukana kwamba falme na mamlaka za giza zipo. Alishikilia jambo moja: asiyetenda kwa hiari yake hatendi dhambi, na asiyetenda dhambi hana cha kutubia wala cha kusamehewa. Kama asili nyingine ndiyo iliyotenda, kwa nini wewe unaomba msamaha? Kisha akauliza: kama Mungu hawezi kudhurika, kwa nini apeleke roho zetu kupigana na Giza? Na kama anaweza kudhurika, ni Mungu gani huyo? Siku ya pili Fortunatus alikiri kwamba hana la kujibu, akasema atawauliza wakubwa wake. Baadaye aliondoka Hippo.

5. ALIYEKOSEA UPANDE WA PILI

Kama historia ingeishia hapo, somo la leo lingekuwa “jikaze, ni juu yako.” Haikuishia hapo.

Huko Roma aliishi mwalimu aliyeitwa Pelagius, mtu kutoka Uingereza, mwenye maisha ya nidhamu na aliyeheshimiwa sana. Tusimdharau. Alikasirishwa na Wakristo waliozembea huku wakisema, “Mimi ni mwanadamu dhaifu, nifanyeje?” Siku moja alisikia askofu akirudia ombi kutoka kwenye Maungamo, ambapo Augustine anamwambia Mungu kwamba hawezi kutimiza amri Mungu asipompa kwanza uwezo. Pelagius alichemka. Kwake hicho kilikuwa kisingizio kingine. Mungu akiamuru, alisema, basi mwanadamu anaweza. Dhambi ya Adamu ilikuwa mfano mbaya, na tunaiga. Asili yetu yenyewe haikuharibika. Tuna sheria, tuna dhamiri, tuna mfano wa Yesu. Tuamue tu.

Mwaka 410 jeshi la Alaric liliiteka Roma, na wengi wakakimbilia Afrika, Pelagius akiwa mmoja wao. Yeye akapita kwenda Palestina. Mwenzake Celestius akabaki, na mafundisho yake yakakataliwa Carthage. Mwaka 415 baraza la maaskofu huko Diospolis, Palestina, halikumkuta Pelagius na hatia. Lakini maaskofu wa Afrika hawakukubali. Mwezi Mei mwaka 418 zaidi ya maaskofu 200 walikutana Carthage na kuyakataa mafundisho hayo. Kaisari Honorius naye alikuwa tayari ameamuru Pelagius na Celestius wafukuzwe Roma.

Kwa nini Augustine, mtetezi wa hiari, alipigana na mtu aliyeitukuza hiari? Kwa sababu aliikumbuka ile bustani. Alijua mtu anaweza kutaka na bado asiweze. Hiari yetu ipo, lakini ni mgonjwa. Mgonjwa ndiye anayeumwa, ugonjwa ni wake, na bado hawezi kujitibu kwa kuamua kupona. Anahitaji tabibu. Na kama tungeweza wenyewe, Kristo alikufa kwa ajili ya nini? Soma Wagalatia 2:21.

Wapendwa, Pelagius naye anahubiri Kenya. Unamsikia kila mahali: panga malengo, badilisha mawazo, amini uwezo ulio ndani yako, mwaka huu ni wako. Ujumbe huo una ukweli nusu. Lakini mlevi aliyejaribu kuacha mara kumi na moja akiambiwa ajaribu mara ya kumi na mbili kwa bidii zaidi, hajapewa injili. Ameongezewa mzigo.

6. TULIPOMWACHA AUGUSTINE, NA TULIPOBAKI NAYE

Nisikufiche. Uzeeni Augustine alienda mbali. Alifundisha kwamba hatia ya Adamu yenyewe inarithiwa, na kwamba mtoto anayekufa bila ubatizo anahukumiwa, japo kwa adhabu nyepesi kuliko zote. Julian wa Eclanum, askofu wa Italia, alimwambia kwamba bado ana mafundisho ya Mani ndani yake. Wakristo wa Mashariki, waliosoma Kigiriki, hawakufuata njia hiyo. Sehemu ya shida ilikuwa Warumi 5:12. Tafsiri ya Kilatini aliyoitumia ilimfanya aone kwamba wote walitenda dhambi ndani ya Adamu. Biblia yetu ya Kiswahili inafuata Kigiriki: mauti ilitufikia wote kwa kuwa wote tumetenda dhambi. Ndiyo maana sisi tunawaweka watoto wakfu kwa furaha, na mama aliyefiwa na mtoto mchanga hatumwambii neno la hukumu.

Mwaka 529 baraza la Orange, huko Ufaransa ya leo, lilishika kiini: neema hutangulia, hata ile hamu ya kwanza ya kumtafuta Mungu ni kazi ya Roho. Lakini lilikataa kabisa kwamba Mungu amempangia mtu yeyote kutenda uovu. Karne nyingi baadaye John Wesley (1703-1791) alifundisha kwamba neema hiyo inayotangulia inamfikia kila mtu, ikimwezesha kuitikia au kukataa. Kutoka kwa watoto wa Wesley kulikuja vuguvugu la utakatifu, na humo ndimo ulimochipuka uamsho wa Azusa Street, Los Angeles, mwaka 1906. Kwa hiyo ninaposema madhabahuni, “Roho anakuvuta, usiufanye moyo wako mgumu,” nasema mambo mawili kwa pumzi moja. Anayevuta ni Roho. Anayeweza kuufanya moyo kuwa mgumu ni wewe.

7. TURUDI EDENI

Fungua Mwanzo 3. Adamu anaulizwa, anamtaja mwanamke, tena anamtaja Mungu aliyempa mwanamke huyo. Hawa anaulizwa, anamtaja nyoka. Sasa angalia vizuri: Hawa hakusema uongo. Nyoka alikuwepo kweli, na Mungu akamlaani. Lakini Mungu hakumuuliza nyoka swali hata moja. Maswali yote aliwauliza Adamu na Hawa.

Kuulizwa ni heshima. Mungu humuuliza anayeweza kujibu. Hata Kaini, katika Mwanzo 4:7, anaambiwa dhambi iko mlangoni inamtamani, naye anapaswa kuishinda. Yakobo 1:14 inasema kila mtu hujaribiwa akivutwa na tamaa yake mwenyewe. Bwana wetu katika Marko 7 anasema mabaya hutoka ndani, moyoni. Ezekieli 18 inazima ile hoja ya kuwalaumu baba kwa dhambi za wana.

Je, nasema mapepo hayapo? La hasha! Yesu aliyatoa, nasi tunayatoa kwa jina lake. Nasema hivi: pepo hutolewa, dhambi hutubiwa. Ukiipeleka dhambi kwa maombi ya kufunguliwa bila toba, utarudi kila baada ya miezi miwili. Nami mchungaji nikikubali hivyo, nimekuibia kile kitu pekee ambacho kingekuponya.

8. YULE NDUGU

Baada ya lile swali la mke wangu nilimpigia simu, tukakaa chini ya mwembe nyuma ya kanisa. Sikumkemea pepo. Nilimwomba kwanza anisamehe, maana nilimfanya mtazamaji wa dhambi yake mwenyewe. Kisha nikamuuliza, “Ulichukua ngapi?” Alinyamaza muda mrefu. Akasema, “42,000.” Nikamuuliza, “Ulipokuwa unatoa zile pesa kwa simu, ulikuwa unafikiria nini?” Akasema alikuwa anafikiria jinsi wenzake wa zamani watakavyomwona akilipia meza nzima. Wenzake tena, kama usiku wa yale mapeasi.

Kisha akasema neno ambalo sikulisikia mara zote tatu madhabahuni: “Ni mimi, mchungaji.” Wapendwa, niliona mtu akifunguliwa siku ile, na hakuna aliyeanguka chini.

Tuliomba pamoja. Hakuondoka akiwa na nguvu zake. Aliondoka akijua hana nguvu, na kwamba Yesu anazo. Kama Zakayo katika Luka 19, alienda kwa wanachama akasema mwenyewe. Analipa shilingi 3,000 kila mwezi. Amefikisha 24,000, zimebaki 18,000. Kuna wanachama wawili ambao bado hawamsalimii, na hilo analibeba bila kulalamika. Simu yake ina nambari yangu, na kuna usiku ananipigia saa tano kwa sababu ile hamu imerudi. Tunaomba. Asubuhi anaenda kazini.

9. UKUTANI KWA AUGUSTINE

Mwaka 430 jeshi la Wavandali liliuzingira mji wa Hippo. Augustine, miaka 75, akashikwa na homa. Rafiki yake Askofu Possidius, aliyeandika habari za maisha yake, anasimulia kwamba aliagiza zaburi za toba za Daudi ziandikwe na kubandikwa ukutani mahali anapoweza kuziona akiwa kitandani. Akaomba asiingiliwe, isipokuwa wakati wa daktari au chakula. Kwa karibu siku kumi alizisoma akilia. Alifariki tarehe 28 Agosti.

Huyu ndiye aliyewashinda wafuasi wa Mani na kuwashinda wafuasi wa Pelagius. Angeweza kujivunia vitabu vyake. Angeweza pia kulaumu Wavandali, nyakati, au shetani. Aligeukia ukuta, akasema na Mungu juu ya dhambi zake mwenyewe.

Wiki hii chukua karatasi. Andika jambo moja ambalo umekuwa ukisema “shetani alinipitia.” Futa jina la shetani, andika lako. Kisha lipeleke msalabani. Kama kuna mtu unadaiwa pesa, neno la msamaha au ukweli, mpelekee pia.

TUOMBE

Baba, tumejificha nyuma ya majani kama wazazi wetu wa kwanza. Leo tunatoka. Dhambi hii ni yangu, na nguvu ya kuiacha ni yako. Nivute, nami nisiufanye moyo wangu mgumu. Nipe kutaka na kutenda, kama ulivyoahidi katika Wafilipi 2:13. Yule mwovu na akemewe, nami nitubu. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama kuna mzigo unataka kuuzungumza, usiuandike hapa mbele ya watu wote. Nitumie ujumbe wa siri, mimi au mama mchungaji. Mara hii tutakuuliza maswali.

Mbarikiwe sana. Tukutane Jumapili.